Miwani ya uhalisia pepe nyumbani: bei ya kweli haiandikwi kwenye boksi

Kabla ya kuulizia bei, inafaa kujiuliza kifaa kitavaliwa na nani, kitatumika katika chumba gani, na kitategemea nini ili kiendelee kufanya kazi.

Simu kutoka Dallas, Marekani, inaingia jioni. Kaka yuko dukani, mwezi ujao anakuja Kigali kwa likizo, na mbele yake yamepangwa maboksi matatu yenye picha za watu waliofunikwa macho na vifaa vinene. "Dada, niwachukulie ipi?" anauliza. Mkononi ana dola 500, fedha zilizochangwa na ndugu wanne kwa miezi kadhaa. Nyumbani Nyamirambo, kila mmoja ana matarajio yake. Watoto wawili, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 11, wanataka michezo. Kaka yao mkubwa, anayesomea usanifu wa majengo, anataka kutembea ndani ya nyumba anazozichora. Bibi, ambaye amekulia na kuzeekea mbali na pwani, amesikia kwamba ukivaa kifaa hicho unaiona bahari imekuzunguka pande zote.

Familia hii tumeitunga iwe mfano, lakini swali lake linawakabili wengi wenye ndugu ughaibuni, na hata wale wanaonunua kwa wafanyabiashara wa hapa mjini. Jibu lake si jina la kampuni. Bei iliyobandikwa kwenye boksi ni sehemu tu ya gharama. Sehemu nyingine hulipwa na macho ya mvaaji, na sebule ya nyumba, na kifurushi cha intaneti, na pia na idadi ya miaka ambayo kampuni itakubali kukihudumia kifaa ilichokiuza.

Ni kifaa gani hasa?

Uhalisia pepe ni teknolojia inayomfanya mtu ajihisi yumo ndani ya mahali ambapo hayupo. Jina la miwani linapotosha kidogo, kwa kuwa kifaa chenyewe kinafanana zaidi na kinga ya macho ya fundi wa kuchomelea vyuma: kinafunika macho yote mawili na kuziba mwanga wa nje. Ndani yake mna skrini, na mbele ya kila jicho pana lenzi. Jicho la kulia huoneshwa picha iliyo tofauti kidogo na ile ya jicho la kushoto, kama ilivyo katika kutazama kwa kawaida, na ubongo huziunganisha picha hizo mbili kuwa kitu kimoja chenye kina. Vitambuzi vidogo hufuatilia mwendo wa kichwa, hivyo mvaaji akigeuka kulia, picha nayo hugeuka papo hapo.

Kuna tofauti moja ambayo mnunuzi anapaswa kuielewa kabla ya nyingine zote. Vipo vifaa vinavyotambua kugeuka kwa kichwa peke yake, na vipo vinavyotambua pia mahali kichwa kilipo. Ukivaa vya aina ya kwanza kisha ukainama ili ukitazame kitu kwa karibu, kitu hakikaribii. Ulimwengu wote unainama pamoja nawe. Ukivaa vya aina ya pili, unaweza kuinama, kuchutama, kupiga hatua mbili na kuchungulia nyuma ya nguzo, na kila kitu kinabaki mahali pake.

Aina ya kwanza ndiyo inayouzwa kwa bei ndogo sana: fremu ya plastiki au karatasi ngumu ambamo mtu huchomeka simu yake. Google ilileta fremu yake ya karatasi ngumu mwaka 2014 na ikaacha kuiuza mwaka 2021. Nyingine za mfano wake bado zinapatikana madukani. Kwa kuonja video ya bahari kwa dakika tano akiwa ameketi, fremu ya namna hiyo inaweza kumtosha bibi. Kwa michezo ya kisasa, au kwa mwanafunzi anayetaka kutembea ndani ya jengo, haifai kitu, hata kama boksi lake limeandikwa maneno yale yale yaliyo kwenye boksi la kifaa cha dola 500.

Kinachojitegemea na kinachotegemea kingine

Vifaa kamili vinagawanyika katika makundi mawili, na mgawanyo huo ndio unaowaponza wanunuzi wengi.

Kundi la kwanza ni miwani inayojitegemea. Prosesa, betri na hifadhi ya programu vyote vimo ndani ya kifaa, na hakuna kebo inayomfunga mvaaji. Mifano inayojulikana zaidi ni ya kampuni ya Meta. Quest 3 ilianza kuuzwa Oktoba 2023 kwa dola 499.99, na Quest 3S ikafuata Oktoba 2024 kwa dola 299.99. Hizo ni bei za kuanzia nchini Marekani. Bei za baadaye hupanda na kushuka, hivyo ziulizwe upya siku ya kununua.

Kundi la pili ni miwani inayotegemea mashine nyingine. PlayStation VR2 ya Sony ilitoka Februari 2023 kwa dola 549.99, na mwaka 2025 bei yake rasmi ikashushwa hadi dola 399.99. Skrini zake ni za kiwango cha juu, zenye weusi uliokolea kuliko wa Quest. Lakini bila mashine ya PlayStation 5 haina kazi, kwa kuwa yenyewe haina prosesa ya kuendeshea michezo wala betri ya kuipa umeme. Huunganishwa kwa kebo yenye urefu wa mita 4.5. Wala haichezi michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya miwani ya kwanza ya Sony. Tangu Agosti 2024 inaweza kuunganishwa na kompyuta kwa kutumia adapta inayouzwa peke yake, ila kompyuta hiyo iwe na kadi ya michoro yenye nguvu, na baadhi ya sifa za kifaa, kama vile kufuatilia mwendo wa macho, hupotea. Kwa nyumba ambayo tayari ina PlayStation 5, hii ni miwani nzuri. Kwa nyumba isiyokuwa nayo, ni nusu ya kifaa.

Vision Pro ya Apple inajitegemea pia, ingawa betri yake huning'inia kwa waya pembeni. Ilitoka Februari 2024 kwa dola 3,499, fedha inayotosha kununua Quest 3 saba, na kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa imefika hadi Umoja wa Falme za Kiarabu, bila nchi yoyote ya Afrika kuwamo katika orodha ya mauzo. Kwa matumizi ya familia tunayoizungumzia, haina nafasi katika mazungumzo haya.

Tofauti ya dola 200 iko machoni

Kaka aliyeko Dallas atajikuta akichagua kati ya Quest 3 na Quest 3S. Muuzaji atamwambia kwamba moja ni bora kuliko nyingine. Ni kweli, lakini si katika kila jambo.

Vifaa vyote viwili vinatumia prosesa ya aina moja, vinachezesha michezo ile ile, na vina uzito unaokaribiana sana, gramu 515 kwa 514. Vyote vina kamera za nje zinazomwezesha mvaaji kukiona chumba chake kwa rangi bila kuvua. Tofauti kubwa ni lenzi na skrini. Quest 3 ina pikseli 2064 kwa 2208 kwa kila jicho. Quest 3S ina 1832 kwa 1920. Kadiri pikseli zinavyokuwa nyingi, ndivyo maandishi madogo yanavyosomeka.

Lenzi za Quest 3S ni za Fresnel, jina lililotokana na mwanafizikia Mfaransa Augustin Fresnel, aliyezibuni kwa ajili ya minara ya kuongozea meli. Ya kwanza iliwashwa mwaka 1823 katika mnara wa Cordouan, Ufaransa. Lenzi hizo zimechongwa mapete mapete ili ziwe nyembamba na nyepesi. Kasoro yake ni kwamba picha huwa safi katikati na kufifia pembeni, na palipo na kitu cheupe juu ya weusi, mapete hayo hutawanya mwanga. Lenzi za Quest 3 ni za aina mpya zaidi, na picha yake inabaki safi karibu hadi ukingoni.

Kwa mtoto anayekata matunda ya kuwaziwa kwa upanga wa kuwaziwa, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mwanafunzi anayetaka kusoma vipimo kwenye ramani ya jengo, ni kubwa. Hapo ndipo dola 200 zinapopata maana yake.

Uso una vipimo vyake

Umbali kati ya mboni moja na nyingine hutofautiana baina ya watu. Kwa mtu mzima wastani wake ni karibu milimita 63. Lenzi zisipokuwa mbele ya mboni, picha hufifia, macho huchoka na kichwa huanza kuuma. Quest 3 ina gurudumu dogo la kusogeza lenzi polepole kuanzia milimita 58 hadi 71. Quest 3S ina nafasi tatu tu: 58, 63 na 68. Mtu mwenye milimita 63 hatapata taabu. Mwenye 60 au 66 atalazimika kuchagua nafasi iliyo karibu naye.

Kupima ni rahisi. Simama mbele ya kioo kwa umbali wa sentimita 20 hivi, weka rula yenye milimita juu ya pua, fumba jicho la kulia na ulinganishe sifuri na katikati ya mboni ya kushoto; kisha, bila kusogeza kichwa wala rula, fumba la kushoto na usome namba iliyo juu ya mboni ya kulia. Rudia mara tatu. Wapimwe wote watakaoivaa, kwa kuwa kifaa cha nyumbani hakinunuliwi kwa ajili ya uso mmoja.

Wanaovaa miwani ya kusomea au ya kuonea mbali wajaribu kifaa wakiwa nayo usoni, kwa sababu kioo cha miwani kikisuguana na lenzi, vyote viwili huchubuka. Mikanda nayo ina habari yake. Mkanda wa kitambaa unaokuja na Quest hupita juu na nyuma ya kichwa. Kwa mwenye misuko mirefu, kilemba au hijabu, hauketi vizuri mpaka ulegezwe na kurekebishwa, na wengi huishia kununua mkanda mgumu unaogawa uzito vizuri zaidi. Mto wa usoni hufyonza jasho. Katika nyumba ya watu watano, mfuniko unaofutika kwa kitambaa chenye unyevu si anasa.

Sebule, umeme na jua

Kwa michezo inayohitaji kusimama na kusogea, Meta inashauri nafasi tupu ya angalau mita 2 kwa mita 2. Sebule nyingi za mjini, zikishawekwa makochi, meza ya katikati na kabati la televisheni, hazina nafasi hiyo. Kabla ya kununua, sogeza meza, pima sakafu, kisha nyoosha mikono juu uone kama inagusa taa. Kifaa humruhusu mtumiaji kuchora mpaka sakafuni, na mpaka huo hutokea machoni anapoukaribia, lakini haumzuii mtoto mdogo kuingia ghafla mbele ya kaka yake anayerusha ngumi. Palipo na nafasi ndogo, ipo michezo na video za kutazama ukiwa umeketi, na familia ichague mapema kuishi na hizo.

Betri ya Quest 3 hudumu kwa wastani wa saa 2 na dakika chache. Ya Quest 3S, takriban saa 2 na nusu. Mtu anaweza kudhani kwamba umeme ukikatika jioni mchezo utaendelea. Huenda usiendelee. Kamera za kifaa zinahitaji mwanga wa chumbani ili zijue kichwa na mikono viko wapi, na kipanga njia cha Wi-Fi nacho huzimika pamoja na taa.

Jua la mchana lina hatari nyingine, kubwa kuliko zote. Lenzi za miwani hii hufanya kazi sawa na kioo cha kukuzia: zikielekezwa juani, hukusanya miale na kuichoma skrini kwa muda mfupi tu, na alama ya kuungua haiondoki. Watengenezaji wanaonya waziwazi kuhusu jambo hili. Kifaa kisiachwe dirishani, kwenye kiti cha gari wala uani, na kisipotumika lenzi zake zifunikwe.

Intaneti na akaunti

Miwani ya Quest haiwaki na kufanya kazi moja kwa moja kama redio. Siku ya kwanza inahitaji simu janja yenye programu ya kampuni, akaunti ya Meta, na mtandao wa Wi-Fi wa kupakua maboresho. Baada ya hapo michezo mingi ya mtu mmoja huchezwa bila intaneti, lakini kila mchezo mpya unaweza kuwa na ukubwa wa gigabaiti kadhaa. Anayetegemea kifurushi cha simu ahesabu data hiyo kuwa sehemu ya bei. Hifadhi ya ndani haiongezwi kwa kadi ya kumbukumbu, hivyo kilichonunuliwa na gigabaiti 128 kitabaki na 128.

Michezo mingi hulipiwa, na duka la programu hupokea kadi za benki za kimataifa. Menyu ziko katika Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine kubwa. Bibi atahitaji mtu wa kumwekea video yake. Akaunti nayo ni mali. Ikifungwa au nywila yake ikipotea, michezo yote iliyonunuliwa hupotea nayo, hivyo ifunguliwe kwa jina na barua pepe ya mtu mzima anayeishi katika nyumba hiyo, si ya ndugu aliyeko ng'ambo.

Hesabu ya dola 500

Turudi kwa kaka aliye dukani. Nchini Marekani bei ya kwenye boksi haijumuishi kodi ya mauzo, ambayo mjini Dallas ni asilimia 8.25. Tukichukua bei za kuanzia, Quest 3 ya dola 499.99 inakuwa dola 541.24, na mchango wa ndugu wanne tayari umepungua. Quest 3S ya dola 299.99 inakuwa dola 324.74, na zinabaki dola 175.

Mpakani kuna hesabu nyingine. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 nchini Rwanda, Uganda, Burundi na Tanzania Bara, na asilimia 16 nchini Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kifaa kikitozwa asilimia 18 kwa thamani ya dola 299.99, hiyo ni dola 54, kabla ya ushuru wa forodha na ada ya wakala pale vinapotozwa. Mizigo ya abiria ina utaratibu wake, hivyo ni busara kuiuliza ofisi ya forodha kabla ya safari na kutunza risiti ya dukani, ambayo ndiyo ushahidi wa thamani halisi. Katika hesabu hii zinabaki dola 121, ambazo ni michezo, data, mfuniko wa usoni na akiba.

Risiti hiyo ina kazi nyingine. Dhamana ya kifaa kilichonunuliwa Marekani mara nyingi hudaiwa huko huko. Kidhibiti cha mkononi kikiharibika Kigali, gharama ya kukirudisha kwa ndege inaweza kuwa kubwa kuliko thamani yake. Kwa sababu hiyo kila kitu kijaribiwe Dallas kabla ya kufungwa ndani ya begi: skrini, spika, vijiti vya vidhibiti, na chaja.

Kifaa huishi kadiri mtengenezaji anavyotaka

Gharama ya mwisho ndiyo isiyozungumzwa sana. Redio ya mwaka 1985 bado inashika matangazo. Miwani ya uhalisia pepe hailindwi na uimara wa plastiki yake. Inaishi kwa maboresho yanayotumwa na kampuni.

Oculus Go ilianza kuuzwa mwaka 2018, na miaka miwili baadaye kampuni ikatangaza mwisho wake. Quest ya kwanza, iliyotoka mwaka 2019, iliacha kupokea maboresho ya usalama mwaka 2024. Mfano mkali zaidi ni wa Microsoft. Kampuni hiyo iliweka ndani ya Windows mfumo uliotumiwa na miwani za watengenezaji mbalimbali, zikiwemo za HP. Desemba 2023 ilitangaza kwamba mfumo huo unaachwa, na katika toleo la Windows 11 la mwaka 2024 ukaondolewa kabisa. Mwenye miwani ya aina hiyo akiboresha kompyuta yake, kifaa kizima kisicho na hata mkwaruzo kinageuka pambo la kabatini.

Vifaa vya namna hiyo haviishii kutupwa. Huuzwa kwa mitumba kwa bei inayovutia. Anayenunua kifaa kilichotumika aulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha. Je, modeli hii bado inapokea maboresho? Je, muuzaji yuko tayari kufuta akaunti yake mbele yangu, ili nifungue yangu hapo hapo? Na je, nikiivaa na kutazama ukurasa mweupe, naona madoa ya kuungua au mikwaruzo? Jibu la mashaka kwa swali lolote kati ya hayo linatosha kumfanya mtu aondoke.

Watoto, macho na kizunguzungu

Meta inaruhusu watoto kuanzia miaka 10, na walio chini ya miaka 13 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Sony inasema kifaa chake si cha walio chini ya miaka 12, na Apple inaweka mpaka wa miaka 13. Kifaa kimeundwa kwa vichwa na macho ya wakubwa. Katika familia yetu ya mfano, mwenye miaka 11 anaweza kutumia Quest akiwa na mzazi karibu; mwenye miaka 8 hapaswi kupewa, hata kama alichora picha ya kifaa hicho na kuibandika ukutani. Aambiwe mapema, si siku boksi linapofunguliwa.

Kizunguzungu nacho kina sababu yake. Macho yanaona mwili unakwenda, lakini sikio la ndani, linalosimamia usawa wa mwili, linasema mwili umetulia. Ubongo hukanganywa na mgongano huo, na matokeo yake ni kichefuchefu kama cha abiria anayesoma gazeti ndani ya basi. Michezo ambayo mchezaji husimama mahali pamoja huleta taabu ndogo kuliko ile anayoendeshwa kwa kijiti. Kasi ya picha inasaidia pia: sinema ya kawaida hubadilisha picha mara 24 kwa sekunde, ilhali Quest 3 na PlayStation VR2 zinaweza kufika mara 120. Anayeanza acheze kwa dakika chache, na akihisi jasho jembamba au tumbo kugeuka, avue. Kujilazimisha hakumzoeshi mtu.

Meta yenyewe inashauri mapumziko ya dakika 10 hadi 15 kwa kila nusu saa, na inaonya kwamba takriban mtu 1 kati ya 4,000 anaweza kupata kizunguzungu kikali au kifafa kutokana na mwanga unaomulika. Mwenye historia ya kifafa, ugonjwa wa moyo au matatizo ya macho, pamoja na mjamzito, amwone daktari kwanza.

Dada amjibu nini kaka yake?

Akishapima sakafu na macho ya watu wa nyumbani, dada anaweza kujibu bila kubahatisha. Hawana PlayStation 5, hivyo boksi la Sony linarudi rafuni. Quest 3 ingemfaa mwanafunzi kwa usomaji wa maandishi, lakini inameza fedha zote na zaidi, na kijana bado hajahakikisha kama programu anayochorea ina toleo la miwani au inadai kompyuta yenye nguvu ambayo hana. Swali hilo alijibu yeye kwanza. Ikiwa programu yake inafanya kazi kwenye Quest na ndugu wako tayari kuongeza kiasi kinachopungua, Quest 3 ina sababu. Ikiwa sivyo, Quest 3S inatosha, mradi vipimo vya macho yao havikuangukia mbali na zile nafasi tatu.

Kuna jibu la tatu ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni kutonunua sasa. Ikiwa sebule haina nafasi, ikiwa nyumba haina Wi-Fi, na ikiwa wawili kati ya wanaoingoja ni mtoto wa miaka 8 na bibi atakayeitumia mara moja, basi dola 500 zinaweza kusubiri. Kaka atakapokuja, aombe kuazima kifaa cha rafiki, bibi aketi kwenye kochi lake, afungwe mkanda taratibu, na aione bahari kwa dakika tano. Baada ya hapo familia itajua inanunua nini.